Isotopu za risasi zinatosha kujua shaba ilitoka mgodi gani?
Ndugu, umeuliza kama isotopu za risasi (atomi za metali ya risasi zinazotofautiana kwa uzito) zinatosha kutambua mgodi uliotoa shaba ya kifaa cha bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Zinatosha kuondoa migodi isiyohusika, si zaidi. Uyeyushaji haubadilishi uwiano wa isotopu hizo (risasi-208 kwa risasi-206, na risasi-207 kwa risasi-206), ndiyo maana mikuo ya shaba yenye umbo la ngozi ya ng'ombe iliyozama Uluburun, Uturuki, imehusishwa na mawe ya shaba ya Saiprasi. Ila pima kwanza kiasi cha risasi: ikizidi asilimia 5, kwa kawaida iliongezwa makusudi, nawe utakuwa unafuatilia mgodi wa risasi, si wa shaba. Toboa kwa keekee ya milimita 1, mwaga unga wa kijani wa mwanzo (ni kutu), chukua unaong'aa. Na bronzi chakavu iliyoyeyushwa upya? Hiyo hutoa uwiano wa mchanganyiko, na unaweza kuangukia mgodi ambao haukuhusika kabisa.