Nani Anapiga Hodi? Nyumba na Kujitambua kwa Mhusika

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Tanga. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, ambamo msichana aliyeishi mjini miaka mingi anarudi katika nyumba ya marehemu bibi yake, na humo anajitambua yeye ni nani. Mwenzangu aliyeusoma muswada alisema kwamba nyumba ile haisemi lolote. Nikaongeza nyufa ukutani, utando wa buibui na kioo kilichopasuka. Akausoma tena, akacheka. Je, nyumba hubeba vipi safari ya ndani ya mhusika bila ya mwandishi kuitangaza?

JIBU: Pole kwa kuchekwa, ndugu msomaji, ingawa mwenzako hakukosea. Kioo kilichopasuka kimetumiwa na waandishi wengi mno, hata msomaji akikiona hajiulizi tena kimepasuliwa na nani. Mimi mwenyewe ninacho kimoja katika hadithi ya ujanani ambayo, kwa bahati njema, haijatoka sandukuni. Nyumba huwa taashira, yaani ishara ya jambo la ndani, pale inapomlazimisha mhusika kutenda jambo, na namna anavyolitenda ikawa inabadilika kadiri anavyojifahamu.

Tazama A House for Mr Biswas, riwaya ya V. S. Naipaul iliyotoka mwaka 1961, ambayo mandhari yake ni kisiwa cha Trinidad alikozaliwa mwandishi. Mohun Biswas ameoa katika ukoo wa Tulsi na, jambo ambalo hata kwetu mwanamume hulionea haya, anaishi ukweni, katika jengo jeupe liitwalo Hanuman House, lenye kuta kama za ngome, ambamo mama mkwe, mashemeji na watoto wamejaa hata mtu hana pembe ya kuiita yake. Baadaye, huko Green Vale, anajaribu kujijengea. Fedha hazitoshi, kwa hiyo anaezeka kwa mabati makuukuu ambayo matundu yake yamezibwa kwa lami. Jua likiwaka, lami inayeyuka na kuning'inia kutoka kwenye paa kama nyoka weusi. Naipaul anazieleza hofu za Biswas waziwazi, lakini msomaji akifunga kitabu anaondoka na wale nyoka wa lami. Kisha dhoruba inaivunja nyumba, na mwenyewe anavunjika pamoja nayo.

Nyumba ya mwisho iko Sikkim Street, jijini Port of Spain. Anainunua kwa deni, na akishahamia ndipo anapogundua kwamba ngazi ya nyuma inatia hofu na milango mingine haifungiki. Familia inazizoea kasoro zile. Biswas anafariki akiwa na miaka 46, deni likiwa bado halijalipwa. Ukiitenga nyumba ile na zilizoitangulia, ni jengo baya lililouzwa ghali, basi. Lakini kwa mtu aliyelala ukweni na kuvunjikiwa na Green Vale, ngazi ile mbovu ni yake, na sasa anaujua vizuri umbali uliopo kati ya nyumba aliyoiota na nyumba aliyoweza kuipata. Ndiyo maana ninawashauri waandishi wasiitegemee nyumba moja: hata kama msichana wako haondoki kwa bibi, tuonyeshe kwa kurasa chache alikuwa akiishi wapi huko mjini, na ufunguo wa huko alikuwa nao nani.

Neno hilo la ufunguo linanikumbusha Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Jane, mtoto wa miaka 10, anafungiwa katika chumba chekundu alimofia mjomba wake. Anapiga mayowe afunguliwe, na ufunguo uko kwa wengine. Miaka kadhaa baadaye, akiwa mwalimu wa nyumbani huko Thornfield, anagundua kwamba Rochester, bwana wa nyumba hiyo aliyekuwa karibu kufunga naye ndoa, ana mke aliyefichwa ghorofa ya juu. Anaamua kuondoka. Kabla hapajapambazuka anautafuta ufunguo wa mlango wa pembeni, anatafuta kichupa cha mafuta na unyoya, kisha anaupaka mafuta ufunguo, anakipaka na kitasa. Unyoya ule huniacha kinywa wazi kila ninaporudia ukurasa huo. Yule aliyekuwa akilia afunguliwe, leo anafungua mwenyewe, wala mlango hausikiki.

Wewe, ndugu yangu, una kitu ambacho Brontë hakuwa nacho, nacho ni hodi. Siku ya kwanza msichana wako asimame barazani, apige hodi katika nyumba anayojua kwamba haina mtu, kwa kuwa miguu inakataa kuingia. Katikati ya riwaya awe anaingia moja kwa moja kama aingiaye dukani, na jirani wa makamo amkemee kwa hilo. Halafu, ukikaribia mwisho, mtu mwingine apige hodi, na msichana ajikute akiitikia "Karibu!" kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Ukiongeza hapo sentensi ya kusema kwamba sasa alijitambua, nami nitaungana na mwenzako kucheka.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Mombasa. Mifano mingi ya nyumba zenye maana ya ndani ni ya ngome na majumba ya Ulaya. Je, fasihi yetu ya Kiswahili haina?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inayo, tena ya zamani. Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni utenzi, si riwaya, lakini jina lake lenyewe lina maana ya kufunuka, na kinachofunuka humo ni moyo wa msemaji, ambao anauhoji na kuukemea. Anaufunua kwa kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, yaliyokuwa magofu: vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Hasemi tu kwamba mali hupita. Anauonyesha moyo wake mahali palepale ambapo na wenyewe ungependa kukaa.

Katika riwaya, soma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, hata ulimwengu wa nje hajui ulivyo. Wanafunzi wengi huandika kwamba akitoroka nyumba ile anakuwa huru, na hapo hukosa alama, kwa haki. Anakotorokea, kwa Mama Jeni mjini, anadidimia katika ulevi. Nyumba ya baba haikumfundisha kuchagua, kwa hiyo mlango ulipofunguka hakuwa na cha kuchagulia. Kujitambua kwake kunakuja kwa kuchelewa, na mwandishi ana uaminifu wa kutokukuharakisha.

Ukipata nafasi, ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, utoke barabarani uingie chumbani: daka la mlangoni lenye viti vya mawe kwa wageni, kisha ua, kisha misana, yaani vyumba virefu vinavyofuatana, kisha ndani, na kila unapozidi kuingia, faragha nayo inazidi. Mwandishi anayempitisha mhusika wake humo amekwisha kupewa ngazi na waashi wa zamani.

SWALI: Wahusika wangu ni wapangaji wa chumba kimoja Dar es Salaam. Je, mtu asiye na nyumba hana taashira?

JIBU: Anayo, na pengine kali zaidi, maana kila kitu kinamgusa. Achana na kuta, ambazo ni za mwenye nyumba. Mtazame mhusika anavyolitumia pazia linalokigawa chumba. Analifunga lini, analiacha wazi mbele ya nani, na siku anapohama, je, analikunja na kuondoka nalo, au anamwachia mpangaji anayefuata?