"Hard" na "hardly": kanuni ya "-ly" iliyoniponza

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza niliiandika kwa siku mbili. Nilitaka mwajiri ajue kwamba mimi ni mchapakazi, nikaandika: "I hardly work." Niliirudia kuisoma kabla ya kuituma, na sentensi hiyo ndiyo iliyonipendeza kuliko zote.

Miezi ilipita bila jibu. Siku moja rafiki yangu anayekijua Kiingereza vizuri aliiona nakala ya barua ile, akanieleza nilichokuwa nimemwambia mwajiri: kwamba kazi sifanyi, na nikifanya basi ni kidogo mno. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimebahatisha. Nilifuata kanuni niliyofundishwa darasani.

Kanuni yenyewe mnaijua: chukua kivumishi, ongeza "-ly", upate kielezi. "Slow" huwa "slowly", "quick" huwa "quickly". Kwa maneno mengi inafanya kazi, lakini "hard" haimo. Neno hilo ni kivumishi na ni kielezi pia, bila kuongezwa chochote. "A hard stone" ni jiwe gumu, na "she works hard" ni anafanya kazi kwa bidii. "Hardly" ni neno lenye maana yake mbali: kwa shida, kwa nadra, kidogo kiasi cha kukaribia kutokuwepo.

Nilipotafuta sababu nilitulia kidogo. Katika Kiingereza cha kale, kielezi cha "hard" kilikuwa na irabu mwishoni, "hearde". Irabu hiyo ikafifia hadi ikapotea, kielezi kikabaki kufanana na kivumishi. "Hardly" nayo hapo zamani ilimaanisha kwa nguvu au kwa ukali. Lakini jambo linalofanyika kwa ugumu liko karibu na kushindikana, na kufikia karne ya 16 neno lilikuwa limeanza kutumika kwa maana tunayoijua leo. Kiswahili kinatusaidia hapa. Tukisema mgonjwa anatembea kwa shida, tunaelewa kwamba kasoro kidogo tu asitembee kabisa. Hiyo ndiyo "the patient can hardly walk". Mimi nimeishika "kwa shida" kama shina la neno hili, na sijapotea tena.

Angalia pia mahali neno linapokaa. "Hard" huja baada ya kitenzi; "hardly" hutangulia kitenzi kikuu, na kikiwapo kitenzi kisaidizi hukaa katikati yao. "It is raining hard", mvua inanyesha kwa nguvu. "It is hardly raining", ni manyunyu tu, unaweza kutoka bila mwavuli.

Kosa jingine nililolifanya kwa muda mrefu ni kuongeza ukanushi. "Hardly" tayari imebeba ukanushi ndani yake, kwa hiyo Kiingereza sanifu hakikubali "I can't hardly hear you". Sema "I can hardly hear you". Sisi tumezoea kukanusha ndani ya kitenzi chenyewe, "sikusikii vizuri", ndiyo maana mkono hukimbilia kuandika "not". Vivyo hivyo "hardly anyone came" inatosha kusema kwamba karibu hakuna aliyekuja.

Ukishamaliza jozi hii, zipo nyingine za ukoo huohuo. "Late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku hizi. "Near" na "nearly" zinahitaji uangalifu zaidi kwetu, maana "karibu" yetu inazibeba zote mbili. Ninapotaka kutumia "nearly" hujiuliza kama naweza kusema "nusura" au "takriban". "I nearly fell", nusura nianguke. Kama haiingii, na ninachotaja ni umbali wa kitu na kitu, basi ni "near".

Usizikariri jozi hizi kwa orodha ya maana. Orodha niliijaribu, ikanitoka kichwani baada ya wiki. Tunga sentensi moja inayoyatumia maneno yote mawili, tena iwe ya jambo lililokupata kweli, kisha iseme kwa sauti. Yangu niliitunga usiku wa kuamkia mtihani, na bado ninayo: "I studied hard and hardly slept." Nilisoma kwa bidii, na usingizi niliupata kwa shida.