Kumpeleka mama Magnolia, Charleston: anzieni kinamasini, maua baadaye

Dada uliyeuliza kama inafaa kuendesha gari kutoka Atlanta hadi Charleston, South Carolina, kwa ajili ya bustani ya Magnolia, ukiwa na mama aliyetoka nyumbani na watoto wawili, na kama hao mamba si hatari: nendeni. Mimi nimeenda mara mbili, ya pili nikiwa na mama yangu mzazi mwezi Aprili, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu.

Mara ya kwanza tulifika saa sita mchana. Tukapiga picha kwenye lile daraja refu jeupe, tukazunguka maua, tukala. Tulipofika kinamasini jua lilikuwa kali, ndege wametulia vivulini, watoto wanalia njaa ya pili. Dakika kumi tukaondoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba tulichokipita mbio ndicho hasa cha kuendea.

Kile kinamasi kinaitwa Audubon Swamp Garden, kama eka 60, na kuna njia ya mbao inayopita juu ya maji. Maji yenyewe ni meusi kama chai ya rangi, lakini huyaoni, kwa sababu yamefunikwa na vimea vya kijani vidogo kuliko punje ya mchele, vimebanana mpaka unadhani ni uwanja wa nyasi. Waambie watoto mapema kwamba ile si nyasi.

Mama yangu ni mtu wa Rufiji. Utotoni aliamia ndege kwenye mpunga, kutwa yuko dunguni, na macho yale hayajamtoka. Mimi nilikuwa nahangaika na kamera, yeye akanishika mkono: "Simama. Lile gogo lina macho." Nikatazama sikuona kitu. Akanielekeza kwa kidevu, si kwa kidole. Kumbe ni aligeta, yaani mamba wa Marekani, kichwa kizima kimepakwa kijani, yamebaki macho mawili na ncha ya pua. Mbele kidogo palikuwa na wengine watatu, wamepanda kwenye majukwaa ya mbao yaliyotegwa majini ili waote jua, na kobe wa maji wamejipanga kando yao bila wasiwasi. Mama akawachunguza, akasema huyu si mamba wetu, mdomo wake mpana kama koleo. Ni kweli. Tena mamba wetu akifumba mdomo meno ya chini yanaonekana. Aligeta akifumba, yanajificha.

Kuhusu hatari, aligeta hafuati watu kama yule mamba wa Rufiji, lakini ni mnyama mwenye nguvu, na mtoto mdogo umshike mkono muda wote. Msirushe hata kipande cha mkate. Sheria ya South Carolina inakataza kumlisha, na sababu yake ni ya msingi: aligeta aliyezoea kulishwa huanza kumwona binadamu kuwa ndiye chakula kinakotoka.

Sasa inueni macho. Aprili miti ya kinamasini imejaa viota vya yangeyange na koikoi, kelele kama soko la samaki asubuhi. Mama aliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: mbona wanazalia juu ya mamba? Ni kwamba rakuni, mnyama mdogo wa porini huku Marekani na mwizi mkubwa wa mayai, haogelei kwa raha penye aligeta. Ndege wanapata mlinzi, na kinda likianguka, mlinzi anajilipa. Tuliliona moja likianguka. Sauti ilikuwa ndogo sana, chubwi, kisha ule ukijani ukajifunga tena. Watoto wakikuuliza, waelezee ukweli.

Mtafuteni pia mbizi, ndege mwenye shingo kama nyoka. Manyoya yake yanalowa, hivyo akitoka majini hutanua mabawa juu ya tawi mpaka yakauke. Mama alimjua kwa jina kabla sijamaliza kumwonyesha. Na alipomwona yangeyange wa ng'ombe, yule mfupi mwenye utosi wa rangi ya chungwa wakati wa kuzaa, alidhani namtania nilipomwambia huyu ni wa kwetu kweli. Ndege huyu hakuletwa na mtu. Alivuka Atlantiki mwenyewe kutoka Afrika, akafika Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na Marekani akaonekana miaka ya 1940.

Kisha maua. Azalea huwaka kati ya Machi na Aprili, kamelia ni za majira ya baridi, na mama atafurahi kujua kamelia ni ndugu wa mchai. Yale mandevu ya kijivu yanayoning'inia kwenye mialoni ni ya ukoo wa nanasi; hayaunyonyi mti, yanaishi kwa mvua na unyevu wa hewani.

Nakusihi msiruke vibanda vya watumwa, vya karibu mwaka 1850. Magnolia ilianza kama shamba, lililoanzishwa 1676 na Thomas na Ann Drayton, na utajiri wa mwambao huu ulitokana na mpunga uliolimwa na Waafrika waliojua kuulima. Hata kile kinamasi zamani kilikuwa bwawa la kuhifadhi maji ya mashamba hayo. Adam Bennett, aliyezaliwa utumwani, ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa bustani yenyewe. Mama aliingia kibanda kimoja, akapitisha kiganja ukutani, akauliza walikuwa wanalala wangapi humu. Alipotoka hakutaka picha. Tulikaa kivulini karibu nusu saa, ananieleza namna ya kutega maji kwenye jaruba, mambo ambayo miaka yote sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo laleni Charleston usiku wa kuamkia siku ya bustani, muwe langoni pakifunguliwa. Kabla ya kulipa, ulizeni kama tiketi inajumuisha kinamasi. Bebeni maji, kofia na dawa ya mbu. Joto la huko lina unyevu kama la Dar. Darubini moja ndogo inatosha, na mpe mama aishike yeye.