Wageni wa nje wakikatika, usikimbilie kushusha bei

Mleta uzi anauliza: wageni wa nje wamekatika ghafla, je, ashushe bei nusu ili ajaze vyumba kwa watalii wa ndani? Mkuu, mimi nimekaa kwenye meza ya buking ya loji ya vyumba 14 tangu kabla ya korona. Kosa hilo tulishalifanya, ngoja nikusimulie.

Machi 2020 daftari langu lilikuwa limejaa hadi Agosti. Ndani ya siku tisa nikawa nimepiga mstari mwekundu karibu kila ukurasa. Wala hatukuwa peke yetu. Duniani kote watalii wa kimataifa walishuka kutoka karibu bilioni 1.5 mwaka 2019 hadi karibu milioni 400 mwaka 2020.

Kwanza advansi, yaani hela ambazo wageni walishatanguliza. Bosi alitaka kuzing'ang'ania kwa sababu masharti yalimruhusu. Tulibishana sana. Mwishowe tukamwandikia kila mgeni: ukitaka hela yako tutakurudishia kwa awamu, ukisogeza tarehe bei inabaki ileile kwa miaka miwili. Zaidi ya nusu wakasogeza, na hela yao ndiyo iliyotulipa mishahara ya mwanzo. Ila hilo ni deni, usijidanganye kwamba ni mapato.

Sasa bei. Tulikata nusu, simu zikaanza kuita. Wikiendi ya kwanza ikaja familia. Mama akafungua mlango wa chumba, akaviangalia vile vitanda viwili vyembamba, akanigeukia: "Sasa watoto watatu na bibi yao wanalala wapi?" Sikuwa na jibu. Chumba kilipangwa kwa watu wawili wanaoamka saa 11 alfajiri kwenda kutazama ndege. Hawa walitaka kulala mpaka saa 3, watoto washinde majini, jioni wote wale meza moja. Punguzo letu halikuwaongezea hata kitanda.

Tukaacha kukata bei, tukaanza kubadilisha vitu. Vyumba sita tukavitoboa milango ya kati, meza ndogo za mgahawa tukaziunganisha. Na simu ya buking ikawa haizimwi, maana mgeni wa nje anapanga miezi sita kabla, wa ndani anakuuliza Alhamisi kuhusu Jumamosi, na usipomjibu ndani ya saa moja ameshapata kwingine.

Aliyeteseka zaidi ni mwongoza watalii wetu mkongwe. Miaka mingi amesimulia hadithi zilezile kwa watu wanaotikisa kichwa na kushangaa. Safari hii mzee mmoja akamkatiza mbele ya kundi: "Sivyo, kijana, sisi hatukuambiwa hivyo." Alirudi amenuna, hata chai hakunywa. Wiki iliyofuata akabadili mtindo, akawa anawauliza wageni wao walisimuliwaje. Matembezi ya saa moja yakawa ya saa tatu, na watu wakaanza kumwulizia kwa jina.

Kuhusu ruzuku ya serikali, inasaidia lakini ina mitego. Japani ilibeba hadi nusu ya gharama za safari za ndani kuanzia Julai 2020, ikasimamisha Desemba maambukizi yalipopanda. Thailand ililipa asilimia 40 ya bei ya hoteli. Shida ninayoiona mimi ni kwamba wote wanasafiri wikiendi, kwa hiyo Jumanne yako inabaki tupu hata chumba kikiwa nusu bei. Ndiyo maana nilipenda zaidi walichofanya Costa Rica mwaka huohuo: walipitisha sheria ya kuhamishia baadhi ya sikukuu Jumatatu ili watu wapate wikiendi ndefu. Siku moja zaidi ya kulala, hakuna hata senti ya punguzo.

Haya yote yanategemea una watu wa ndani wa kutosha. Maldivi wana wakazi kama nusu milioni tu, hawakuwa na pa kukimbilia. Walifungua mipaka tarehe 15 Julai 2020, na mpangilio wao wa hoteli moja kisiwa kimoja uliwabeba, maana kila hoteli ilikuwa imejitenga yenyewe. Kama uko katika hali yao, ushauri wangu hautakufaa sana.

Na sisi hatukupata hata nusu ya mapato ya zamani. Tuliuza gari moja kati ya matatu, waongozaji wote tukabaki nao kwa mshahara uliopunguzwa. Wale wa tarehe zilizosogezwa walipokuja 2022, walikuta meza ndefu na watoto wa watu bwawani. Wawili walilalamika kelele. Wengine wakavuta viti.

Mkuu, vyumba vyako viko vingapi, na vitanda vikoje? Weka hapa tuone.