Maswali na Majibu: Mchungaji ndiye mshauri, ndiye mwalimu, na yumo kwenye kamati ya nidhamu

Chuo chetu ni kidogo. Mchungaji wa chuo ndiye mshauri nasaha, ndiye anayetufunza Agano Jipya, na yumo kwenye kamati ya nidhamu. Nina jambo linalonikosesha usingizi. Nikimweleza, si litafika kamatini? Au kwa baba, anayelipa karo? – Mwaka wa pili, Mtongwe

Una haki ya kusita. Mtu huyohuyo asikize siri yako Jumatatu, asahihishe karatasi yako Jumatano, kisha Ijumaa akuketie kamatini: hata awe mwema vipi, haifai. Simlaumu yeye. Chuo hakina pesa za kuajiri wawili, basi yeye hubebeshwa yote.

Kabla hujaanza, muulize: nani mwingine atajua? Unachoandika kinafungiwa wapi? Kesi yangu ikija kamatini, utajitoa? Mshauri anayeijua kazi yake hakasiriki kwa maswali hayo. Atakueleza pia mipaka: siri inaweza kufunguliwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Baba kulipa karo hakumo. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Akibabaika, omba akuelekeze kwa mshauri wa nje, na uulize kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Cheti cha semina ya wikendi si usajili, hata kikitundikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu.

Binti yangu yuko chuoni, na daktari amempa dawa za mfadhaiko. Kanisani wanasema ni jini; azitupe, afunge siku tatu. – Mama, Likoni

Asizitupe, mama. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na kuzikata ghafla kwaweza kumletea kizunguzungu na wasiwasi zaidi. Zikimsumbua, arudi kwa aliyemwandikia. Maombi yaendelee, hayagombani na kidonge. Lakini kumfungisha mtu ambaye tayari hali wala halali, hapana.

Wakikushinda kwa Maandiko, wasomee 1 Wafalme 19. Eliya alijilaza chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumtoa pepo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Pwani yetu hii jini hutajwa upesi mno, hata kabla ya mtu kuulizwa mara ya mwisho alilala lini.

Mimi ni Muislamu. Lazima ushauri wa hapa chuoni uanze kwa sala yao? – Kisauni

Si lazima. Sema hivyo siku ya kwanza. Akikuhubiria badala ya kukusikiza, tafuta mwingine.

Mwenzangu wa chumba amegawa vitabu vyake, na anasema karibuni hatatusumbua tena. Ameniapisha nisiseme. Naogopa pia atashikwa na polisi. – Bamburi

Kivunje kiapo hicho, leo. Kaeni wawili umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani, wengi hushusha pumzi wakijua kuna mtu aliyethubutu. Usibishane naye, usimwambie ni dhambi. Usimwache peke yake, na mwondoleeni chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwarifu mlezi wa bweni, na mpige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Ikiwa ameshajiumiza au anataka kufanya hivyo sasa, mpelekeni moja kwa moja kwenye dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani.

Kuhusu polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikucheleweshe. Anaweza kukununia wiki nzima kwa kusema kwako. Mwache anune.