Nanomita 6: ni brashi au ni utando tu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Ninaotesha polima ya metakrilati ya methili juu ya vipande vya silikoni kwa njia ya ATRP, yaani kukuza minyororo ya polima kwa kutumia shaba kama kichocheo. Nilipandikiza kianzishi kwanza, yaani molekuli ambazo minyororo huanzia, kisha nikachanganya monoma (vijenzi vya polima), methanoli, maji, bipiridini na bromidi ya shaba, nikaacha usiku kucha. Mchanganyiko ulianza na rangi ya kahawia iliyokolea. Asubuhi nikaukuta wa kijani. Elipsomita, kifaa cha kupima unene wa utando kwa mwanga, inasoma nanomita 6 tu. Msimamizi wangu anauliza kama hizo kweli ni brashi za polima. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba. Rangi imeshakujibu nusu ya swali. Kahawia ile ni shaba (I) iliyoshikana na bipiridini, na ndiyo inayong'oa bromini kwenye ncha ya mnyororo ili monoma zijiunge. Oksijeni ikipenya huigeuza kuwa shaba (II), ya kijani au buluu, na ukuaji unasimama. Vipande vyako vilikua kidogo, halafu vikaloweka bure hadi asubuhi.

Kagua sindano yako ya nitrojeni. Mara nyingi naikuta inaning'inia juu ya kimiminika, na mwenyewe ameridhika kwa kuwa anasikia gesi ikivuma. Ncha izame hadi chini, mapovu yapande kwa nusu saa hivi, ndipo shaba iingie. Chupa yenye vipande nayo iwe imekwisha kuondolewa hewa. Kisha, hata kama inakushangaza, tia bromidi ya shaba (II) kidogo kwa makusudi. Vianzishi vilivyo juu ya uso ni vichache mno kuizalisha ya kutosha, na bila hiyo minyororo hukua kwa pupa, ncha zikakutana na kufa.

Sasa hilo la msimamizi, ambalo ndilo swali zuri zaidi. Unene peke yake hauthibitishi brashi. Brashi ni minyororo iliyoshikizwa kwa ncha moja, ikabanana kiasi kwamba kila mmoja unalazimika kunyooka kutoka kwenye uso. Ikiwa mbalimbali, kila mmoja hujikunja peke yake, hali tunayoiita uyoga. Kinachoamua ni idadi ya minyororo kwa eneo: zidisha unene mkavu kwa densiti ya polima na namba ya Avogadro, ugawe kwa uzito wa molekuli. Chukua nanomita zako 6 na densiti ya takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Minyororo ikiwa na uzito wa gramu 7,200 kwa moli, unapata kama mnyororo 0.6 kwa kila nanomita ya mraba, yaani mizizi imeachana kwa nanomita 1.3 hivi. Ikiwa na 72,000, unapata 0.06, na nafasi inafika nanomita 4. Unene ni ule ule, nyuso ni mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo bila uzito wa molekuli huna jibu. Wengi hutia kianzishi huru, kisichoshikizwa kwenye uso, kwenye mchanganyiko na kupima polima inayopatikana humo; mimi naichukua namba hiyo kama makadirio tu, maana hakuna anayehakikisha kuwa mnyororo wa juu ya uso umekua sawa na ulio huru.

Hizo 6 zenyewe nazo zina mashaka. Silikoni huwa na oksidi yake ya nanomita 1 hadi 2, na tabaka la kianzishi lina unene wake. Ulikipima kipande kabla ya kuotesha? Kama hukupima, huenda polima yako ni nanomita 3 au 4.

Safari ijayo weka kwenye chupa hiyo hiyo kipande kisicho na kianzishi. Vyote vioshwe kwa asetoni, kwa mawimbi ya sauti, kisha vipimwe vikavu. Hicho kitupu kikionyesha polima, usihangaike na shaba kwanza, rudia kuosha.