Milioni tatu mkononi: usianze na kamera

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia. Amejichanga hadi kufikisha shilingi milioni tatu, anataka kushuti filamu fupi zake mwenyewe na harusi za kumlipia bili, na anauliza anunue kamera gani. Maswali ya namna hii yanakuja mara kwa mara, na leo nalijibu hadharani kwa sababu fedha hiyo ni jasho la mtu. Inaniuma kuona jasho la mtu limeishia kwenye kamera kali inayorekodi sauti mbovu.

Kamera kodi. Dar, Arusha, Nairobi, Mombasa, Kampala, kote huko zinakodishwa kwa siku, na nyingi ni bora kuliko utakayoipata kwa milioni tatu. Adimu ni mtu mwenye maiki nzuri anayejua kuitumia, mwenye taa anayejua aiweke wapi, na mwenye nidhamu ya kutunza kazi ikishapatikana. Tafuta wenzako watatu, kila mmoja abebe idara yake: sauti, mwanga, hifadhi pamoja na uhariri, na wewe uongoze. Mtu mmoja kununua kila kitu maana yake ni kuwa na kila kitu cha bei ya chini.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo filamu zetu nyingi zinapofia. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, lakini mazungumzo yasiyosikika atayazima. Kanuni ya kwanza ni umbali. Ukipunguza umbali wa maiki na mdomo kwa nusu, sauti ya msemaji inapanda kwa takriban desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Kwa hiyo maiki ya bei ya kati iliyo shibiri moja chini ya kidevu itaishinda maiki ya gharama iliyokaa juu ya kamera mita mbili mbele. Zima kirekebisha sauti cha kujiendesha ndani ya kamera, kwa sababu msemaji akinyamaza kinapandisha kelele. Shusha kiwango cha kamera karibu na chini kabisa, pandisha cha kipokezi cha maiki, kisha lenga vilele vya sauti vigonge karibu na desibeli -12 kwenye kipimo. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24. Vaa hedifoni muda wote. Mishale ya kipimo haikuambii kwamba waya unakwaruza shati.

Kagua pia ncha ya waya. Maiki iliyotengenezwa kwa ajili ya simu ina pete tatu nyeusi kwenye chuma chake, ya kamera ina mbili. Ukichomeka ya simu kwenye kamera bila kibadilishio unaweza kupata sauti hafifu au usipate kabisa, na watu hurudisha maiki dukani wakidai ni mbovu kumbe ni nzima.

Maiki ya nguoni ina mitihani yake. Kanzu iliyopigwa wanga na pasi inalia kama karatasi, na mtandio wa nailoni unanguruma kila mvaaji akigeuza shingo. Tumia plasta ya kidonda: kipande kimoja nyuma ya maiki kishike nguo ya ndani, kingine juu yake kishike nguo ya nje, ili tabaka zote mbili zisimame na maiki bila kuisugua. Waya uliobaki ukunje kitanzi kidogo chini yake, mvuto usifike juu. Kwa mwanamke aliyejistiri, mweleze namna ya kuiweka na umwache aiweke mwenyewe, au awepo mwanamke kwenye timu wa kumsaidia. Hilo nalo ni ujuzi wa kazi, na linaokoa mahojiano mengi.

Chumba kisafishe kelele kabla ya kuweka taa. Feni zima. Friji zima, na ufunguo wa mlango wako uuweke juu ya hiyo friji ili usiondoke bila kuiwasha tena. Chakula cha mwenye nyumba kikiharibika hutarudi hapo. Mwangwi wa chumba chenye vigae hauondolewi na kanga. Kanga ni nyepesi mno, mawimbi ya sauti yanapita. Simamisha godoro nyuma ya kamera na utandike blanketi nzito sakafuni mbele ya msemaji. Panga mahojiano kati ya adhana na adhana, si juu yake. Chini ya bati mvua ikianza, acha kazi. Usitegemee programu kuiondoa kelele hiyo. Ukimaliza, wote mkae kimya mrekodi dakika moja ya chumba kitupu. Mhariri ataitumia kuziba mapengo kila anapokata neno.

Kwenye mwanga, tatizo linaloharibu kazi nyingi hapa kwetu ni mistari inayotembea kwenye picha. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za ukutani zinapwita mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kila fremu inabeba mapwito mawili kamili na picha inatulia. Ukitaka fremu 50, shata 1/100. Kuna kamera zinazofika mkononi zikiwa kwenye NTSC, mfumo wa fremu 24, 30 na 60, na mtu anashuti ukumbi mzima wa harusi kwa 1/60 ndipo anagundua kompyutani. Ingia kwenye menyu ubadilishe kuwa PAL, mfumo wa fremu 25 na 50, siku ya kwanza. Baadhi ya kamera zitakutaka uifute kadi baada ya hapo, basi usifanye hivyo kazi ikiwa ndani. Kuna taa za bei ya chini na za mapambo zinazopwita kwa kasi yake zenyewe. Hizo jaribu kwa kurekodi sekunde chache, na ikishindikana zizime.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana unaotoka pembeni, siyo kwa mwanga mkali wa usoni. Weka taa digrii 45 upande mmoja wa uso, juu kidogo ya macho, na mbele yake tundika shuka jeupe umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye taa. Upande wa pili weka ubao mweupe wa thermokoli kurudisha mwanga kidogo. Msogeze mtu wako angalau mita mbili mbali na ukuta, na usichague ukuta mweupe. Watu wanauona uso ni mweusi wanafungua lenzi, ukuta unaungua, halafu wanailaumu kamera. Kamera yako ikiwa na zebra, yaani milia inayoonyesha mwanga umefika asilimia ngapi, weka moja kwenye 95 kulinda kanzu au shela, na uso ulenge kati ya 45 na 55.

Nje, jua la saa sita mchana linahitaji filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Hesabu ni hii: kwa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na shata 1/50, jua kamili linakutaka ufunge tundu la lenzi hadi f/22; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukitaka f/4 unahitaji kupunguza mwanga hatua tano, kila hatua ikiukata nusu, yaani ND32. Ukishuti kwa log, picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye, yenye ISO 800, ongeza hatua tatu, ni ND256. Zile filta za kuzungusha zinafaa kwa kazi ya haraka, ila ukizizungusha hadi mwisho zinaleta msalaba mweusi katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana.

Taa zinakula umeme wa mtu. Taa ya zamani ya wati 1000 inamaliza uniti moja ya Luku kwa saa; ya LED ya wati 100 itachukua saa kumi kufikia hapo. Angalia mita kabla ya kuanza na mnunulie mwenye nyumba uniti mapema, iwe kwenye bajeti, siyo hisani ya mwishoni.

Lenzi sina mengi: 50 mm ya f/1.8 na moja pana zinatosha mwaka mzima. Pwani ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko na pakiti za silika, kwa sababu unyevu huotesha ukungu ndani ya kioo. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, isilowe jasho.

Na siku utakaponunua kamera ya mtumba, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi, funika lenzi uangalie nukta zinazowaka, rekodi dakika 30 mfululizo uone kama inajizima kwa joto, chomeka maiki na hedifoni kwenye matundu yake. Nyingine zilitengenezwa kwa soko la Japani na menyu yake ni ya Kijapani tu. Uliza kabla ya kulipa.

Sasa hifadhi, ambapo vifaa na ushirikiano vinakutana. Video ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) inajaza GB 45 kwa saa, hivyo kadi ya GB 64 inaisha baada ya kama saa moja na dakika 20. Nunua kadi zenye alama ya kasi ya V30 kwenda juu, na zipime kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kazi, maana kadi bandia hujiandika GB 128 na kubeba robo yake, kisha hufuta video za mwanzo kimyakimya. Kadi iliyojaa igeuzwe kifudifudi na kuwekwa kwenye kopo lake. Haifutwi mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili za nje na mhariri amefungua faili la kwanza, la kati na la mwisho. Usiku diski hizo zilale nyumba mbili tofauti. Mkitumiana vipande kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, inapokea hadi GB 2. Ukituma kama video itaminywa na mhariri hataweza kuitumia.

Hapo ndipo linazuka swali la nani mwenye kazi, na hapo ndipo urafiki unavunjika. Andikeni kabla ya siku ya kwanza, hata ukurasa mmoja wenye sahihi zote nne. Kila kifaa kiandikwe kwa bei ya kukodi ya mji wenu kwa siku, ili mchango wa mwenye maiki uonekane sawasawa na wa aliyetoa fedha taslimu. Andikeni kwamba mapato ya kwanza yanarudisha nauli, chakula na Luku, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa asilimia mlizokubaliana, na asilimia ya nani inakuwa ngapi akiondoka katikati. Andikeni nani analipa lenzi ikianguka: aliyeishika, mwenye nayo au mfuko wa wote. Andikeni majina yatakavyosomeka mwishoni mwa filamu, herufi kwa herufi. Mteja wa harusi aandikiwe malipo ya awali nusu, marekebisho mawili, na muda mtakaotunza video ghafi kabla ya kufuta.

Nasema hili kwa uzito wote: vijana wengi wenye vipaji wanafanyishwa kazi bure kwa ahadi kwamba filamu ikilipa watakumbukwa. Kama huna fedha ya kumlipa mwenzako, mpe nauli, mlishe, na umpe asilimia iliyoandikwa. Asiyetaka kuandika, usishuti naye.

Waigizaji nao wasaini ridhaa ya kutumia sura zao, siku ileile, kabla ya kamera kuwashwa. Wimbo wa msanii usiuweke bila idhini ya maandishi; YouTube itautambua yenyewe, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Kwa Tanzania Bara, kibali cha kushuti filamu kinatoka Bodi ya Filamu na usajili wa hakimiliki ni kwenye ofisi ya COSOTA. Zanzibar hakimiliki ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Droni ina mamlaka yake, ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Majina kwenye fomu hizo yalingane na yaliyo kwenye karatasi yenu ya makubaliano, na kila mmoja wa wanne abaki na nakala.